Umeonja Nini

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, maana bila kulijua hilo hutaelewa kwa nini siku ile mtoto wangu alinyamaza. Nilizaliwa nazo Nachingwea, nikaolewa nazo Chinongwe, na mama mkwe wangu, mama wa maneno machache, aliniambia wiki ya kwanza tu kwamba nikiongea kuku wake wanaacha kutaga. Tulicheka wote wawili. Hasira zangu haziumi, ndivyo nilivyokuwa najisemea. Zinawaka, zinazima, chai inanywewa.

Nina mabinti wawili. Wakati wa mambo haya mkubwa alikuwa darasa la tatu, mdogo hajafika hata miaka minne. Baba yao ni mkulima wa korosho na ufuta kama wanaume wengi wa huku, mtu mpole, asiyepaza sauti, na kwa kweli ndiyo maana namwogopa. Mtu akikupigia kelele unajua umesimama wapi. Yule akikasirika anakaa kimya siku nne, tano, anakula chakula chako na kusema ahsante, na wewe unabaki unapanga vitu vyako kichwani, hiki nitaondoka nacho, hiki nitakiacha.

Mchezo wenyewe niliuanzisha mimi. Kwetu Nachingwea bibi yangu alikuwa anatutegea vitendawili baada ya ugali. Ukishindwa unampa mji, naye anajidai amekwenda huo mji, amekula, amelala, ndipo anatoa jibu. Nilivipenda sana lakini kichwa changu hakishiki, vimebaki vitatu vinne tu, tena vile ambavyo kila mtoto anavijua. Sasa siku moja kwenye kikao cha wazazi mwalimu akasema mtoto anayezoea kubashiri nyumbani anakuwa mwepesi darasani, tusiwaachie simu tu, tucheze nao. Nikarudi nyumbani nawaza, nitawategea nini mimi. Nikaangalia jikoni kwangu. Nikaona vya kutega ninavyo vingi tu, ila vinataka ulimi.

Tukauita Kijiko. Mmoja anafungwa macho kwa kanga. Mwenye kutega anasema, "Kijiko." Aliyefungwa anajibu, "Lete." Anawekewa kitu kidogo mdomoni, halafu anaulizwa, "Umeonja nini?" Ana nafasi tatu za kubashiri. Akikosa zote tatu anatoa mji, ndipo anaambiwa. Tulianza na chumvi, sukari, limao, togwa, maji ya ukwaju, bibo la mkorosho lililoiva na bibo bichi, ufuta uliokaangwa na usiokaangwa. Mkubwa akawa hatari. Alikuwa anaweza kukuambia haya ni maji ya kisima na haya ni ya bomba. Miji yote ya nchi hii alininyang'anya mimi, siyo mdogo wake, maskini, ambaye yeye alikuwa na mji mmoja tu kichwani, Ruangwa, anautoa kila siku. Mwalimu akanisifia mbele za watu. Nilivimba kichwa, nisikudanganye.

Masharti nilikuwa nayashika mimi, tena kwa ukali. Kitu kinafichwa kabla kanga haijafunguliwa, mtu asije akakiona akajidai amebashiri. Na mwenye kutega hatoi jibu mpaka mwenzake ajaribu mara tatu. Kuna jioni mkubwa alimhurumia mdogo wake akamnong'oneza, "Ni ukwaju." Nilimfokea. Nikamwambia mchezo usio na masharti ni upuuzi, na akivujisha tena hachezi. Alilia, akafuta machozi, akaahidi hatarudia. Mimi nilijiona nalea.

Huku kwetu ikifika miezi ya kupulizia mikorosho, dawa inahamia ndani na watu. Salfa inakaa chumbani kwenye mifuko, dawa ya maji inakaa kwenye makopo yake, pampu inalala ukumbini, na nguo za mwanaume zinanuka hata ukizifua mara mbili. Mume wangu alikuwa na neno moja tu juu ya mambo hayo, na alilisema mbele ya mama yake ili nisije nikadai sikusikia. Dawa haihamishwi. Imekuja na kopo lake, ibaki na kopo lake, ikiisha kopo lifukiwe. Alikuwa amekwenda kuzika mtoto wa rafiki yake kwa sababu ya chupa ya soda. Alisema siku atakayokuta dawa kwenye chupa ya soda nyumbani kwake, aliyeiweka atafunga mizigo yake arudi kwao. Alilisema kwa sauti ileile ya kuomba chumvi.

Basi akaenda Nandagala kumsaidia kaka yake kupulizia shamba, siku kama tano hivi. Akaacha kopo moja lina dawa nusu. Siku ya pili nikawa nafagia, nikaligonga na mpini wa jembe, likapata ufa karibu na kitako, dawa ikaanza kutoka tone kwa tone kwenye sakafu ya udongo. Ningefanya nini? Niiache imwagike, na dawa yenyewe tunavyoipangia foleni? Nikamwita mkubwa anishikie chupa ya soda isitikisike, nikamimina. Alishika kwa mikono miwili, uso kaugeuzia pembeni kama nilivyomwambia, ila kwa nini augeuze sikumwambia. Nikafunga kifuniko, nikaiweka jikoni nyuma ya kinu, pamoja na chupa ya mafuta ya taa na chupa ya sabuni ya maji, ambazo nazo zilikuwa chupa za soda vilevile. Kesho nitatafuta kopo, nikasema. Kesho yake nikawa na kazi. Kesho kutwa nikasahau.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, adhuhuri imepita. Nilikuwa uani nafua nguo za kupulizia alizoziacha baba yao, na pua yangu ilikwishakufa kwa harufu. Mama mkwe alikuwa kwake, nyumba ya pili, anapepeta mbaazi. Watoto walikuwa jikoni. Nikasikia, "Kijiko." "Lete." Nikatabasamu. Kweli nilitabasamu, na hilo nalo linanisumbua mpaka leo. "Umeonja nini?" Mdogo akasema, "Asali," wakacheka. Tena, "Kijiko." "Lete." Akasema limao. Mara ya tatu sikusikia jibu. Nikasikia anatema, halafu kilio, na haikuwa kile kilio cha kuonewa ninachokijua. Hiki kilikuwa kinakoromea ndani.

Nilipoingia, mdogo alikuwa amekaa chini, kanga bado iko machoni, mate yanamtoka marefu hayakatiki. Mkubwa amesimama kwenye ukuta na kijiko mkononi. Nikaivuta kanga. Nikamnusa mdogo mdomo, nikasikia limao, na nyuma ya limao nikasikia dawa, lakini mikono yangu mwenyewe ilinuka dawa, gauni langu lilinuka dawa, nyumba nzima ilinuka dawa. Nikaangalia nyuma ya kinu. Chupa zote tatu hazipo. Alikuwa ameziondoa zote akazificha, kama nilivyomfundisha.

"Umempa nini?"

Akakishika kijiko kwa mikono miwili.

"Nakuuliza, umempa nini mwenzako?"

Nilimpiga kofi. Halikuwa kofi la kuonya, lilikuwa la hasira, kijiko kikaruka mpaka mlangoni. Nikamwambia asiponiambia nitamuua. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mtoto wa miaka tisa, na mdomo wake ukafunga. Ulifunga kabisa, meno juu ya meno, macho yananitazama hayapepesi. Nikamtikisa mabega. Nikambembeleza. Nikamtikisa tena. Nikapiga ukunga mpaka mama mkwe akaja mbio na ungo mkononi, mbaazi zinamwagika njia nzima.

Mama mkwe alimwangalia mjukuu wake, akasema kwa Kimwera tumnyweshe maziwa. Halafu akasema tumtapishe. Halafu akasema hapana, tusimtapishe. Yule mama amezika wanawe watatu na sijawahi kumuona akibadili neno, siku ile alilibadili mara mbili. Nikatoka barabarani nikiwa nimembeba mdogo, nikasimamisha bodaboda ya kwanza. Mkubwa nilimvuta kwa mkono nikampakia nyuma yangu. Sikumchukua kwa mapenzi. Nilimchukua kwa sababu jibu lilikuwa ndani yake.

Kutoka kwetu mpaka zahanati siyo mbali, lakini siku ile dereva alipunguza mwendo kwenye kila shimo na mimi nilitaka kumng'ata shingo. Mdogo alikuwa kifuani kwangu. Mate yake yalinilowesha mpaka ndani. Mwanzoni alikuwa analia, halafu akaacha kulia, na kuacha kwake kulia kulinitisha kuliko kilio. Kope zake zikaanza kucheza zenyewe. Nyuma yangu mikono ya mkubwa ilinishika kiunoni, ya baridi, na mimi njia nzima naongea bila kugeuka. Niambie mwanangu, sitakupiga. Niambie basi, mama yako nimekosa. Ukinyamaza mwenzako atakufa na wewe ndiye utakayekuwa umemuua. Niambie, mama, niambie. Nilikuwa nachanganya asali na shubiri kwenye kinywa kimoja, nani angeniamini? Dereva akasema, "Mama tulia, utatuangusha."

Zamu siku hiyo ilikuwa ya nesi mmoja mama mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alimlaza mdogo, akamfunua kope, akammulika kwa tochi ya simu. Akaniuliza amekunywa nini.

"Sijui."

"Nyumbani kuna nini?"

"Kuna mafuta ya taa. Kuna sabuni ya maji. Kuna dawa ya mikorosho."

"Hiyo dawa inakaa kwenye nini?"

"Ipo tu," nikasema. Nakumbuka vizuri kwamba nilisema hivyo. Mtoto anatokwa mate mbele yangu, na ulimi wangu tayari ulikuwa unanitafutia pa kujificha.

Nesi alisema macho ya mtoto yanamwambia kitu, lakini kwa mtoto mdogo kiasi hiki hataki kubahatisha, kila moja ya hizo tatu ina njia yake. Akauliza nani alimpa. Nikamnyooshea mkubwa kidole. Nesi akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, akamsalimia kama watu wamekutana sokoni, akamuuliza, "Mlikuwa mnafanya nini, mjukuu wangu?"

Halafu mkubwa akasema, "Kijiko."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu nimpige. Nesi akanitazama, kijiko ndiyo nini? Nikamweleza mbio mbio, kanga, kubashiri, mara tatu, mji. Nilikuwa naona aibu kueleza mchezo pale. Yeye hakuona ajabu. Akawa tayari anafungua kabati, ananipa mgongo, akasema, "Basi cheza naye."

"Nicheze?"

"Cheza, mama. Mimi naandaa."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya zahanati. Nikasema, "Mwanangu, mimi nimeshindwa. Nakupa mji. Nakupa Dodoma, nakupa Mwanza, nakupa Ruangwa yote na watu wake, niambie."

Akatikisa kichwa. "Hujajaribu," akasema.

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Naapa kwa Mungu, mimi sikuunyanyua. Mtoto aliuona, hakukwepa, alifumba macho tu akangoja. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa ananifanyia jeuri. Alikuwa anaogopa kiasi kwamba amebakiwa na kitu kimoja tu cha kushika, sharti nililompa mimi, na kama angeliachia nalo angeanguka. Nikashusha mkono. Nikavua kanga ya kichwani nikajifunga macho mwenyewe, fundo nyuma, kama tunavyofunga nyumbani.

Ukifumba macho masikio yanafunguka. Nikamsikia mdogo kitandani anavyohema, pumzi inachemka kwenye mate kama uji. Nikamsikia nesi anavunja kichupa. Nikasikia mtoto wangu mwingine anasogea.

"Kijiko," akasema.

"Lete."

Hakuwa na kitu cha kunipa. Akanigusa mdomo kwa kidole.

"Umeonja nini?"

Nilianza na ile niliyokuwa naiomba. "Sabuni."

"Siyo."

Nikasema, "Mafuta ya taa." Na mafuta ya taa ni mabaya, watoto wanakufa kwa mafuta ya taa, lakini niliyatamka kama mtu anayeomba zawadi.

"Siyo," akasema.

Ikabaki moja, na sikuitaka mdomoni. Nitasema ukweli hapa kwa sababu sijausema kwingine. Kitu cha kwanza kilichonijia chini ya ile kanga hakikuwa mtoto. Kilikuwa mlango wa nyumba yetu na begi langu limekaa nje ya mlango, na mume wangu anasema ahsante kwa miaka yote tuliyoishi. Kisha nikasikia pumzi ya mdogo inakatika, inarudi, na nikaona aibu iliyoniunguza masikio.

"Dawa," nikasema.

"Dawa gani?" Maana kwenye Kijiko jibu nusu halikubaliki.

"Dawa ya mikorosho."

"Ndiyo," akasema, na ndipo akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama mtoto.

Nilipofungua kanga nesi alikuwa amekwishampiga mdogo sindano. Tukamvua nguo zote, tukamwosha kwa maji na sabuni mpaka kwenye nywele, akapigwa nyingine. Gari la wagonjwa likaja, likatupeleka hospitali Ruangwa mjini, na mimi nilikuwa nimeweka kiganja kwenye mbavu zake nahesabu zinavyopanda na kushuka. Mkubwa alikaa miguuni kwetu amekumbatia viatu vya mwenzake. Usiku ule sitauelezea. Asubuhi mdogo alifungua macho akasema anataka uji, wauguzi wakacheka, mimi nikashindwa kucheka kwa sababu taya zilikuwa zimekaza.

Baba yao alifika saa nne ya asubuhi ile kutoka Nandagala, nyusi zina salfa, nguo hajabadilisha. Walimkataza kukaa kitandani kwa mtoto akiwa hivyo, akasimama dirishani. Daktari akaja na faili lake akauliza maswali ya kawaida, umri, uzito, saa ngapi ilitokea. Halafu akauliza dawa ilikuwa kwenye chombo gani.

Mkubwa akajibu kabla yangu. "Chupa ya soda."

Mume wangu akageuka kutoka dirishani. Hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. "Nani aliiweka humo?" akauliza, kwa sauti yake ileile.

Nilifungua mdomo. Nataka iandikwe kwamba nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, kopo lilipata ufa, ilikuwa inavuja, nilitaka kutafuta kopo jingine kesho yake. Yote yalikuwa kwenye ulimi.

"Mimi," akasema mkubwa. "Kopo lilikuwa linavuja. Nikamimina isiishe."

"Mama yako alikuwa wapi?"

"Kisimani."

Hakuna kisima katika habari ile. Alikitengeneza pale pale. Alisimama pembeni ya kitanda, alama ya vidole vyangu bado inaonekana shavuni kwake, akamtazama baba yake usoni akadanganya neno kwa neno bila kujikwaa. Daktari akaandika. Akasema watoto wasiachiwe dawa, akatoka. Na mimi nikafunga mdomo. Nikajiambia siyo mbele za watu, nitamwambia nyumbani. Nyumbani nikajiambia mdogo apate nguvu kwanza.

Baba yake hakumpiga. Ningefurahi kama angempiga, ingekwisha. Alimnyamazia. Mtoto alimletea maji ya kunawa, akasema ahsante. Alimletea viatu, ahsante. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kile kitu ambacho mimi mtu mzima nakiogopa kuliko nyoka, mtoto wa darasa la tatu alikibeba kutwa nzima, akaenda nacho shule, akarudi nacho. Kila asubuhi niliamka nimeamua leo nasema. Kila jioni nililala nimejipangia kesho. Nilikuwa namkwepa macho. Nilimpikia vitu anavyovipenda, akavila, akaosha vyombo.

Mdogo sasa yuko darasa la nne, mkorofi, hakumbuki chochote. Mkubwa yuko sekondari Nachingwea, anakaa kwa dada yangu, likizo hapendi sana kuja. Chupa zote nyumbani kwangu zina karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene, na kikombe chochote kabla sijanywa nakinusa, hata kama nimekikoroga mwenyewe, hata ugenini, watu wanadhani nina dharau. Mume wangu bado ni mume wangu. Hivyo ndivyo mambo yalivyo, na nimeyataja hapa ili nisilazimike kuyataja nikishasimulia Ijumaa ya wiki ile.

Maana Ijumaa ile, wanaume walipotoka msikitini, mama mkwe alisema jambo haliwezi kukaa hivi ndani ya nyumba. Mtoto akikosa hukalishwa, akaomba radhi, akasamehewa, likaisha. Ndivyo wanavyofanya wao tangu zamani, na ni kitu kizuri. Tukakaa kwenye mkeka barazani kwake, yeye mwenyewe, mume wangu, kaka yake aliyetoka Nandagala, mimi, na mdogo amelala mapajani kwangu anachezea kitufe. Mkubwa alivaa gauni lake la Iddi. Mama mkwe akamwambia azunguke, apige magoti kwa kila mmoja, amwombe radhi kwa dawa aliyomimina na kwa mwenzake aliyemlisha.

Akaanza na bibi yake. Akaenda kwa baba yake mkubwa. Akapiga magoti kwa baba yake, na baba yake akamwekea mkono kichwani, akauacha pale muda, nikajua kile kimya kimekwisha. Akamshika mdogo wake mkono akamwomba radhi, mdogo akampa kitufe.

Nilikuwa wa mwisho. Alipiga magoti mbele yangu, karibu mpaka magoti yake yakagusa yangu. Wale wengine aliwaomba macho yakiwa chini, kama anavyofunzwa mtoto wa kike. Mimi alinitazama usoni. Hakukuwa na hasira machoni mwake, ningeiona, mimi hasira naijua. Alikuwa anangoja tu. Mume wangu alikuwa ananitazama, na nafasi ilikuwa pale, pana, ya mtu yeyote kusema.

"Mama, naomba unisamehe," akasema.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikasema, na wote wakaitikia amina.